Uncle: Neno Lililopoteza Upande

Kwa Mwingereza wa leo, “uncle” ni kaka wa baba, ni mdogo wa baba, ni kaka au mdogo wa mama, na ni mume wa dada wa yeyote kati ya wazazi hao wawili. Watu ambao Kiswahili kinawatenga kwa majina, yaani baba mkubwa, baba mdogo au ami, mjomba na mume wa shangazi, wote wanaingia humo. Msikilizaji akiambiwa kwa Kiingereza kwamba fulani amefiwa na “uncle” wake, hajui msiba uko kuumeni au kukeni, wala kama marehemu na mfiwa walikuwa damu moja. Mzungumzaji akitaka hayo yajulikane, hana budi kuongeza maneno. Waingereza wenyewe huona jambo hili la kawaida kabisa, lakini lugha yao haikuanza hivyo.

Kabla ya Wanormani kuvuka bahari mwaka 1066, kaka au mdogo wa baba aliitwa “fædera”, na wa mama aliitwa “ēam”. Shangazi alikuwa “faðu”. Mama mkubwa na mama mdogo walikuwa “mōdrige”. Mtu aliyelelewa Pangani au Kilwa angejifunza majina hayo manne bila taabu, maana mpango wake anaujua tangu utotoni: kuumeni ni kuumeni na kukeni ni kukeni, na kila upande una heshima zake na madai yake.

Wa kukeni ndiye aliyependwa zaidi. Mwaka 98 Mrumi Tacitus aliandika kitabu kifupi juu ya makabila ya Wajerumani, ambamo wamo jamaa za mababu wa Waingereza. Alieleza kuwa kwao mtoto wa dada alithaminiwa na mjomba wake sawasawa na alivyothaminiwa na baba yake mzazi. Tena wengine waliuona udugu huo kuwa mtakatifu zaidi, na adui alipodai mateka wa dhamana alipenda kupewa watoto wa dada. Katika utenzi wa Beowulf, shujaa ni mpwa wa mfalme Hygelac kwa upande wa dada. Katika utenzi wa vita vya Maldon, vilivyopiganwa mwaka 991 dhidi ya maharamia wa Skandinavia, mmoja wa wanaotajwa kuanguka mapema ni Wulfmær, na mshairi hasahau kusema kwamba alikuwa mtoto wa dada wa jemadari Byrhtnoth. Kwa nini alitaja dada? Kwa sababu wasikilizaji wake walijua uzito wa kifo hicho. Mtu alikuwa amempoteza mpwa mbele ya macho yake.

Wajerumani hao hawakuwa watu wa kurithi kupitia mama kama Waluguru au Wamakonde. Mali na jina vilipita kwa baba. Pengine hapo ndipo penye siri ya mapenzi yale. Baba mdogo ni mshindani: shamba analolima mpwa wake lingeweza kuwa lake. Mjomba hana cha kugombania, basi anaweza kumpenda mtoto bure. Warumi, nao watu wa ukoo wa baba, walimfanya “patruus”, yaani ndugu wa baba, kuwa mfano wa mtu mkali anayekemea kila kitu. Mwaka 1924 mwanaanthropolojia Radcliffe-Brown aliandika makala yaliyojulikana sana juu ya mjomba kusini mwa Afrika, akitumia hasa habari za Wathonga wa Msumbiji. Kwao mpwa aliweza kuingia nyumbani kwa mjomba, akala chakula chake na kuchukua kitu chake, bila kuulizwa. Radcliffe-Brown alionyesha kuwa jina “malume”, linalotumika katika lugha kadhaa za huko, lina maana ya mama wa kiume, na kwamba upole wa mama ndio uliohamia kwa kaka yake. Wanyarwanda wanasema “marume”. Wakikuyu wanamwita mjomba “mama”, na mgeni wa Kiswahili anayeisikia mara ya kwanza hudhani ametajiwa mzazi.

Neno “uncle” lenyewe lilitoka Kilatini kupitia Kifaransa. Kilatini kilikuwa na majina manne kama Kiingereza cha kale: “patruus” kwa ndugu wa baba, “avunculus” kwa ndugu wa mama, “amita” kwa dada wa baba, na “matertera” kwa dada wa mama. “Avunculus” linatokana na “avus”, babu, na kwa asili yake maana yake ni babu mdogo. Katika karne zilizofuata kuanguka kwa Roma, watu wa Gaul, nchi ya Wafaransa wa leo, waliyaacha mawili kati ya manne hayo. “Avunculus” likapungua hadi kuwa “oncle”, na “amita” likawa “ante”, ambalo baadaye Wafaransa walilitia “t” mbele na kusema “tante”.

Waliobaki, basi, ni mjomba na shangazi. Baba mdogo na mama mdogo walipoteza majina yao, na wale wawili wakapewa kazi ya wote. Kwa asili ya maneno, Mwingereza anayemwita mdogo wa baba yake “uncle” anamwita mjomba, na anayemwita dada wa mama yake “aunt” anamwita shangazi. Msomaji Mswahili atacheka kidogo hapo, na ana haki.

Nchini Uingereza neno hilo la Kifaransa halikuingia kwa siku moja. Mabwana na mahakama walisema Kifaransa, wakulima walisema Kiingereza, na katika maandishi ya Kiingereza “uncle” linaanza kuonekana katika karne ya 13. Kwa muda mrefu majina mawili yaliishi nyumba moja. Chaucer, katika kisa chake cha Troilus na Criseyde cha miaka ya 1380, anamwita Pandarus, aliye mjomba wa Criseyde, mara kwa jina la kale, mara kwa lile la Kifaransa, kadiri mizani na vina vilivyomtaka. Baada yake jina la kale lilirudi nyuma hadi kaskazini na Uskochi, likasemwa “eme”, kisha likabaki katika majina ya koo tu. Watu wanaoitwa Eames wanabeba mabaki yake. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, inapofika kwa Yakobo na Labani, haitumii “uncle” hata kidogo. Inafuata Kiebrania na kumtaja Labani kuwa ndugu wa mama yake. Maana kisa chote cha Yakobo kukimbilia kwa Labani, kumtumikia na kuoa binti zake kinasimama juu ya jambo hilo, na “uncle” halingelibeba.

Kubadilishana maneno peke yake hakutoshi kueleza upotevu huo, kwa kuwa Waingereza wangeweza kubaki na majina yao ya kale. Kanisa lilihesabu undugu uliokataza ndoa kwa kipimo kimoja pande zote mbili. Mtaguso wa Laterano wa mwaka 1215 ulipopunguza makatazo kutoka kizazi cha saba hadi cha nne, haukubagua kuumeni na kukeni. Kwa padri aliyetaka kujua kama ndoa ni halali, ndugu wa baba na ndugu wa mama walikuwa sawa. Waingereza nao hawakuwa na koo kubwa zenye mashamba ya pamoja na wazee wa kuamua. Mtu alihesabu jamaa zake pande zote mbili, na kila nyumba ilijitegemea. Palipokosekana kazi ya kutofautisha pande, majina ya kutofautisha yalidhoofu. Wajerumani walishika “Oheim” kwa mjomba muda mrefu zaidi, wakaja kuliacha katika karne ya 17 na ya 18, pale mitindo ya Kifaransa ilipowaletea “Onkel” na “Tante”. Waswidi hawakuacha kutofautisha pande hadi leo: “farbror” ni ndugu wa baba, “morbror” ni ndugu wa mama, na majina yanajieleza yenyewe.

Hasara ya neno lisilo na upande inaonekana vizuri nje ya Uingereza. Mwaka 1966 mwanaanthropolojia Laura Bohannan alichapisha makala kuhusu siku aliyowasimulia wazee wa Kitiv wa Nigeria kisa cha Hamlet. Kwa Mwingereza, “uncle” wa Hamlet ni mwovu tangu dakika ya kwanza: amemwoa mjane wa kaka yake haraka kupita kiasi. Wazee waliona amefanya sawasawa, kwani mdogo wa marehemu ndiye anayestahili kumrithi mjane na kuwatunza watoto. Kisha wakauliza swali ambalo Shakespeare hakulitilia maanani: je, baba yake Hamlet na mdogo wake walikuwa mama mmoja? Mtafsiri yeyote wa Hamlet kwa Kiswahili atakutana na swali lililo jirani na hilo kabla hajamaliza ukurasa wa kwanza. Akiandika “mjomba” ameharibu tamthilia yote, maana mjomba hawezi kurithi kiti cha shemeji yake. Akiandika “ami” au “baba mdogo”, msomaji anajua mara moja ugomvi ni wa nini.

Lakini neno lisilo na upande lina faida moja: linaweza kusafiri. Jina linalodai kujua mama yako ni nani haliwezi kumfuata mgeni. “Uncle” halidai lolote, likawafuata wengi. Mwenye duka la rehani wa London aliitwa “uncle” kwa mzaha, kwa kuwa ndiye jamaa anayekimbiliwa na mwenye shida ya fedha. Watoto wa Marekani wanaopigana mieleka humlazimisha aliyeshindwa kutamka “uncle” ili aachiliwe. Serikali yao yenyewe ikaitwa Uncle Sam. Husimuliwa kwamba wakati wa vita vya 1812 Samuel Wilson, mfanyabiashara wa nyama wa mji wa Troy katika jimbo la New York, alipeleka mapipa ya nyama jeshini yakiwa na herufi za U.S., na watu wakatania kuwa ni za “Uncle Sam” Wilson. Bunge la Marekani lilimtambua rasmi Wilson mwaka 1961, na sura ya mzee mwenye kofia ndefu anayeelekeza kidole ilienea kupitia bango la James Montgomery Flagg la mwaka 1917. Kwa Kiswahili anaitwa Mjomba Sam. Hakuna aliyemwita Baba Mdogo Sam, ingawa baba mdogo ndiye mwenye haki ya kukuita vitani.

Makaburu walimwita rais wao Paul Kruger “Oom Paul”. “Oom” la Kiholanzi na “ēam” la Kiingereza cha kale ni mzizi mmoja, kwa hiyo jina lililozikwa Uingereza lilikuwa hai Pretoria, nalo likiwa limekwisha kupoteza upande wake.

Kusini mwa Marekani safari ya neno ilikuwa chungu. Wazungu wa huko waliokataa kumwita mtu mweusi kwa jina la heshima walilopeana wao kwa wao waliwaita wazee wa kiume “uncle” na wa kike “aunt”. Ilisikika kama upole, lakini kazi yake ilikuwa kumnyima mtu mzima ubwana wake. Desturi hiyo imo katika jina la kitabu cha Harriet Beecher Stowe cha mwaka 1852, ambacho mhusika wake mkuu, Uncle Tom, baadaye aligeuka kuwa tusi kwa mtu mweusi anayejipendekeza kwa wazungu. Imo pia katika visa vya sungura mjanja vya Uncle Remus, ambavyo watoto wa Afrika Mashariki wangevitambua kuwa ndugu wa hadithi za bibi zao. Ilidumu katika biashara hadi juzi: unga wa chapati za Aunt Jemima, jina lililoanza mwaka 1889, ulibadilishwa jina mwaka 2021, na mchele wa Uncle Ben ulitangaziwa jina jipya mwaka 2020. Heshima ya jina la undugu, basi, inategemea nani anamwita nani, na kama anayeitwa yuko tayari kuitwa hivyo.

Bara Hindi ililichukua neno kwa njia nyingine. Lugha za huko zina majina mengi kuliko Kiswahili: kwa Kihindi “chacha” ni mdogo wa baba na “mama” ni ndugu wa mama. Nehru aliitwa Chacha Nehru, na siku ya watoto ya India ni tarehe 14 Novemba, siku yake ya kuzaliwa. (Wavietnamu walimwita Ho Chi Minh “Bác”, jina la mtu aliyemzidi umri mzazi wako; Kiingereza kiliposema Uncle Ho, umri huo ulipotea njiani.) Wahindi wanaosema Kiingereza wakaona “uncle” linafaa kwa yeyote asiye jamaa: rafiki wa baba, jirani, mwenye duka. Watoto wa Kigujarati wa Nairobi na Dar es Salaam wamekuwa wakisema hivyo kwa vizazi kadhaa. Nyumbani, hata hivyo, “kaka” kwao ni ndugu wa baba na “mama” ni ndugu wa mama, na mpishi Mswahili aliyesikia mwanamume mwenye ndevu akiitwa “mama” mezani alikuwa na la kusimulia jioni.

Katika Tanzania, neno hili lilipita kwanza ubaoni. Mwandishi wa makala haya alisoma shule ya msingi Morogoro katika miaka ya 1970, akitoka katika ukoo wa Kiluguru upande wa mama. Kwa Waluguru ukoo unapita kwa mama, hivyo mjomba ni mkubwa wa ukoo. Kwa desturi ya zamani ardhi ilitoka kwake kwenda kwa watoto wa dada yake, na neno lake katika ndoa lilisubiriwa hata na baba mzazi. Darasani orodha ya msamiati ilisema “uncle” ni mjomba. Ikaishia hapo. Mtoto aliyetaka kumwandika mdogo wa baba yake alibaki na njia mbili: kumwita “father” na kufutiwa kwa kalamu nyekundu, au kumwita “uncle” na kumfanya mjomba. Wengi walichagua kupata alama. Mchezo ulikuwa kuitafsiri insha hiyo kwa sauti nyumbani, baba mdogo akisikiliza jinsi alivyohamishwa ukoo.

Kwa wakati huo “uncle” lilikaa daftarini. Nje ya darasa hakuna aliyelisema, na mgeni aliyefika nyumbani alikuwa baba fulani au mzee fulani. Katika miaka ya 1980 lilianza kusikika kwa watoto wa likizo waliotoka Dar es Salaam, likiwa limekwisha kuvaa sauti ya Kiswahili: anko. Anko alikuwa mfanyakazi mwenzake baba, mtu mwenye gari, mtu aliyeleta biskuti. Wajomba wenyewe hawakuitwa anko. Shule za chekechea za Kiingereza zilipoongezeka katika miaka ya 1990, jina lilipanda ngazi. Watoto waliozoea kumwita mwalimu “anti” na dereva wa basi la shule “anko” wakaanza kuwaita hivyo hata ndugu wa damu. Mjomba mmoja mzee wa Matombo, akisalimiwa “shikamoo anko” na kitukuu wa dada yake, alimjibu marahaba kisha akamuuliza mama wa mtoto, “Huyu ananiita nani?” Hakuuliza kwa hasira. Alitaka kujua amewekwa wapi.

“Anti” imekwenda mbali zaidi. Katika nyumba nyingi za Kenya anti ni msichana wa kazi. Mahali pengine ni mwanamke yeyote kijana anayestahili kuitwa kwa adabu. Shangazi wa Kiswahili, kwa upande wake, amebaki na kazi yake ya kale ya kufunda na kushauri, kama ssenga wa Baganda, na ndiyo sababu safu ya ushauri wa mapenzi katika gazeti la Taifa Leo inamhusu shangazi na si mama mdogo. Magazeti ya Kiingereza nayo humwita mshauri wa namna hiyo “aunt”. Huenda ni bahati tu, lakini kwa asili ya Kilatini ni yuleyule, dada wa baba.

Wala si haki kudhani kwamba neno la kigeni peke yake ndilo linalozurura. Mjomba naye ametoka nyumbani. Watu wa bara nchini Kenya huwaita watu wa pwani wajomba, na vijana wa Nairobi wamelifinya neno hilo hadi jombaa, yaani jamaa yeyote. Mrisho Mpoto, mghani wa Tanzania, alilifanya jina la mkubwa anayelalamikiwa kwa upole, na mashabiki wakamgeuzia mwenyewe wakamwita Mjomba. Uchaguzi huo ulikuwa wa busara: baba halalamikiwi hadharani, lakini mjomba hutaniwa, na ndani ya utani mtu husema mengi.

Penye haja ya kweli, upande hurudi hata katika Kiingereza. Hemofilia, ugonjwa wa damu kutoganda, hubebwa na wanawake na kuwapata hasa wanaume, hivyo daktari anayemchunguza mtoto wa kiume huuliza habari za ndugu wa mama. Ukoo wa Malkia Victoria ni mfano unaojulikana: mwanawe Leopold alikuwa nao, dada yake Leopold, Alice, alimzaa Friedrich, aliyekufa mwaka 1873 akiwa mtoto mdogo kwa kuvuja damu baada ya kuanguka dirishani, na dada yake Friedrich, Alexandra, alimzaa Alexei, mrithi wa kiti cha Urusi, aliyekuwa nao pia. Mara mbili mfululizo ugonjwa umeonekana kwa mjomba, kisha kwa mpwa. Mwingereza anayesimulia habari hiyo analazimika kuongeza “wa upande wa mama” kila hatua; Mswahili anasema mjomba na kuendelea.

Haja nyingine ni mahari. Orodha ambazo washenga wa Morogoro na Dar es Salaam wanapewa siku hizi huchapwa kwa kompyuta na kutumwa kwa simu, na bibi harusi anayeposwa huenda amewaita wanaume wote wa ukoo wake anko tangu chekechea. Orodha yenyewe inataja mkaja wa mama, kilemba cha baba, blanketi la bibi na mbuzi wa mjomba. Mwandishi huyu bado hajaona iliyoandikwa mbuzi wa anko. Mshenga akifika na mbuzi mmoja wakati wajomba ni watatu, kikao husimama mpaka ijulikane mkubwa ni nani, na baba wadogo, ambao hawamo katika hesabu ya mbuzi huyo, hukaa kando wakisubiri zamu yao.